Shabiki wa Naruto mwenye siku moja Japani: maonyesho ya maadhimisho, Awaji au Fuji-Q?

Kila mwaka hunifikia ujumbe wa aina moja kutoka kwa vijana wa nyumbani waliopata ufadhili wa kusoma Japani, au wanaokuja kwa semina ya wiki mbili: "Kaka, shikamoo. Nina siku moja tu ya mapumziko na nimekua na Naruto. Niende wapi?" Mara nyingi nimejibu harakaharaka, na mara mbili tatu nimejuta, maana nilimpeleka mtu mahali pazuri ambapo hapakumfaa yeye. Leo najibu kwa kirefu.

Naishi Kobe tangu 2014. Kabla ya hapo nilikuwa kijana wa Tanga ambaye Naruto, katuni ya Kijapani ya kijana ninja, ilimfikia kwenye flashi. Mwenye laibrari ya muvi mtaani kwetu alitujazia episodi kumi kumi, picha imefifia, maandishi ya Kiingereza chini yake yakipita upesi kuliko macho yetu. Shuleni tulikimbia mikono tumeinyoosha nyuma, wakati wa mapumziko tukafundishana kufunga vidole kwa ishara za jutsu, zile mbinu za ninja. Kwa hiyo yeyote anayeniandikia namwelewa. Ila kabla sijamjibu sasa humuuliza swali moja: ulipenda nini hasa? Michoro yenyewe, ule ulimwengu wa Konoha, kijiji cha ninja anakotoka Naruto, au kule kukimbia na kuruka? Jibu lake ndilo linaloamua treni atakayopanda.

Sehemu ninazozilinganisha ni tatu. Ya kwanza ni maonyesho ya maadhimisho, yale yanayofunguliwa kwa wiki kadhaa kazi inapotimiza miaka fulani, kisha yanafungwa. Ya pili ni Shinobi-Zato, kijiji cha Naruto na mwanawe Boruto kilichomo ndani ya bustani ya Nijigen no Mori, kisiwa cha Awaji. Ya tatu ni kijiji cha Konoha kilichojengwa ndani ya Fuji-Q Highland, chini ya mlima Fuji. Mwishoni nitaongeza ya nne ambayo haina mchoro hata mmoja, na ambayo mimi siwezi kuiacha.

Maonyesho: unaenda kuona mkono wa mchoraji

Manga ya Naruto, yaani hadithi ya michoro kitabuni, ya Masashi Kishimoto ilianza kwenye jarida la Shonen Jump mwaka 1999 ikaisha Novemba 2014, sura 700, vitabu 72. Anime yake, yaani katuni ya runinga, ilianza kurushwa TV Tokyo tarehe 3 Oktoba 2002, ikitengenezwa na studio ya Pierrot: episodi 220 za utotoni, kisha 500 za Shippuden, sehemu ya pili akiwa amekua, hadi Machi 2017. Hesabu zote ni 720. Kazi ya ukubwa huo Wajapani hawaiachi itimize mwaka wake bila kuifanyia sherehe, na sherehe yenyewe mara nyingi huwa ni maonyesho: ukumbi katika mji mkubwa, tiketi za tarehe maalumu, duka la bidhaa zisizouzwa kwingine.

Mimi nimeingia mawili. La kwanza lilikuwa la manga, mwaka 2015, baada ya hadithi kuisha. Lilianzia Roppongi, Tokyo, kisha likahamia Osaka majira ya joto, Tempozan, jirani na jumba la samaki la Kaiyukan. La pili lilikuwa la kuadhimisha miaka 20 ya anime, NARUTO THE GALLERY, katika jengo la Akihabara UDX, Tokyo, kuanzia Desemba 2023 hadi mwisho wa Januari 2024. Nayatofautisha kwa makusudi, kwa sababu watu husikia "maonyesho ya Naruto" wakadhani ni kitu kimoja. Sivyo. Ya manga ni ya mtu mmoja na kalamu yake. Ya anime ni ya mamia ya watu.

Pale Osaka nilikuwa nimezoea kurasa za ukubwa wa kiganja. Karatasi halisi ni kubwa zaidi, na wino wake mweusi unang'aa ukiinamisha kichwa. Ukisogea karibu na kioo unaona kila ambacho mashine ya kuchapia hukificha. Wino mweupe wa kusahihishia umerundikwa juu ya mstari uliokosewa hadi umeinuka kama kovu. Penseli ya buluu, nyepesi mno, imepima mahali pa kichwa na mabega. Maneno ya wahusika yamechapwa kwenye vipande vidogo vya karatasi na kubandikwa kwa gundi, na kona za vipande hivyo zimeshaanza kugeuka manjano. Katika ukurasa mmoja wa mapigano, chini ya ule weupe, mstari wa kwanza bado ulikuwa ukionekana kwa mbali: ngumi ilianza juu zaidi, kisha mchoraji akaishusha hadi usawa wa taya. Nilikaa pale muda mrefu. Miaka yote ile nilidhani ngumi ile ilikuwa hivyo tangu mwanzo.

Akihabara ni habari nyingine. Ukumbi ulikuchukua kwa mfuatano wa hadithi, Naruto na Sasuke, rafiki na mpinzani wake, wakiwa ndio mhimili, kuanzia utoto wao mpaka vita yao ya mwisho. Kuna picha kubwa ukutani, kuna video, na kuna sauti ambazo mtu aliyekua nazo huzitambua kabla hajageuka kutazama. Nilimwona mzee wa Kijapani, makamo ya baba yangu, akifuta macho mbele ya skrini huku binti yake mkubwa amemshika mkono. Nadhani walikuwa wakiangalia pamoja tangu binti akiwa mdogo.

Ili anime ikunufaishe kwenye maonyesho, jua kidogo jinsi inavyotengenezwa. Mchoro wa anime wa enzi ile ulifanywa kwa penseli juu ya karatasi yenye matundu matatu pembeni, la katikati la mviringo na mawili marefu, ili karatasi mia zikae juu ya misumari ileile bila kuhama. Mistari ya penseli za rangi haikuwa mapambo: ilimwonyesha mtu wa kupaka rangi kivuli kinaanzia wapi na mwanga unaishia wapi. Kisha msimamizi wa michoro huweka karatasi nyembamba juu yake, kwa kawaida ya manjano, akachora upya uso au mkono ambao haukumridhisha. Ukishalijua hilo, kipande chochote cha karatasi ya anime utakachokutana nacho kitakueleza watu wawili walibishana nini.

Utaelewa pia jambo lililotusumbua wengi. Mnakumbuka episodi ya 133, Naruto na Sasuke katika Bonde la Mwisho, jinsi miili inavyokwenda kwa uzito ambao haumo katika episodi za jirani yake? Mwongozaji wake ni Atsushi Wakabayashi, na mkono mkubwa katika michoro yake ni wa Norio Matsumoto. Wakabayashi huyohuyo aliongoza episodi ya 167 ya Shippuden, vita na adui aitwaye Pain, ambamo nyuso zinavutika kama ulimbo. Nyumbani tulidhani flashi imeharibika, tukairudisha kwa mwenye laibrari. Kumbe watu wale walikuwa wameamua: uso upotee kidogo, ila mwendo uonekane. Unaweza usikubaliane nao, mimi mwenyewe ilinichukua muda, lakini baada ya kuona karatasi huwezi tena kusema walikosea kwa uvivu.

Huo ndio uzuri wa maonyesho. Ugumu wake nao ni wa kweli, na hapa ndipo wageni wengi hukwama.

Tiketi hazinunuliwi mlangoni kwa uhakika. Nyingi huuzwa kwa tarehe na saa, na za wikendi za mwanzo wakati mwingine hupatikana kwa bahati nasibu. Huuzwa mtandaoni au kwenye mashine zilizomo ndani ya konbini, yale maduka madogo ya saa 24, na tovuti nyingi hudai namba ya simu ya Kijapani. Ukiwa mgeni, mtafute mwenyeji akununulie mapema, usingoje ufike. Saa iliyoandikwa kwenye tiketi ndiyo saa yenyewe. Ukitoka, hurudi ndani. Maelezo ya ukutani kwa sehemu kubwa ni ya Kijapani. Kupiga picha kunaruhusiwa baadhi ya sehemu tu, na mbele ya michoro halisi kwa kawaida ni marufuku. Utasimama na kutembea polepole saa moja na nusu au mbili, hakuna cha kushika, hakuna cha kupanda. Mtoto wa miaka saba atachoka kabla hujafika katikati. Nimeona baba akiwa na mtoto begani, analia, naye baba hajasoma hata ubao mmoja, na nilimhurumia kwa sababu alikuwa amelipa tiketi mbili.

Duka la mwishoni lina foleni yake. Weka kando kiasi cha pesa unachokubali kutumia, kabla ya kuingia. Cha kununua, kwa maoni yangu, ni kitabu cha maonyesho chenye michoro yote. Ni kizito kwenye begi lakini hakipatikani tena baadaye. Vibandiko na vishikizo vya funguo utavikuta popote.

Awaji: unaenda kuwa mwanafunzi wa ninja

Nijigen no Mori iko kaskazini mwa kisiwa cha Awaji, ndani ya bustani kubwa ya mkoa wa Hyogo. Bustani yenyewe haina kiingilio. Unalipia kila sehemu unayoingia. Shinobi-Zato ilifunguliwa Aprili 2019, na nilipokwenda mimi mtu mzima alilipa yeni 3,300. Angalia bei kabla hujatoka, hupanda.

Safari yake kutoka Kobe ni sehemu ya raha. Basi linatoka Sannomiya, baada ya muda linapanda daraja la Akashi Kaikyo, na upande wa kushoto na kulia ni bahari tupu, meli ziko chini kama vibiriti. Daraja hilo lilifunguliwa 1998, lina urefu wa mita 3,911, na mita 1,991 za katikati zimening'inia hewani bila nguzo. Nauli ni kama yeni 1,000, na safari haifiki saa moja. Kutoka Tokyo hesabu ni nyingine kabisa: treni ya kasi hadi Shin-Kobe ni karibu saa tatu, na nauli yake kwa njia moja inapita yeni 14,000. Basi la usiku ni nafuu zaidi, ila utafika umechoka.

Ukiingia, jambo la kwanza linalokukabili ni mwamba wa nyuso za Mahokage, viongozi wa Konoha. Kisha kuna mzingile wa ghorofa, ngazi na njia za kupinda, ambamo unatafuta alama huku umepotea kwa hiari yako. Kuna pia safari ya ardhini ya kutegua mafumbo. Hapa hakuna anayekuambia usiguse. Nilikwenda na mpwa wangu wa miaka kumi alipotutembelea na mama yake. Kijapani hajui, Kiingereza chake kidogo, wala hakuhitaji vyote viwili. Alipanda na kushuka mzingile ule kwa saa nzima, jasho linamtiririka, na kila alipokutana na mtoto wa Kijapani kwenye kona walifungiana vidole kwa ishara, mmoja akajidai ameanguka. Hawakubadilishana neno. Jioni kwenye basi aliniuliza yule rafiki yake anaitwa nani, nikashindwa kumjibu.

Kasoro yake ni ipi? Kwa shabiki wa michoro, hapa hapana kitu. Utakuta sanamu na picha, sio kazi ya mikono iliyoitengeneza hadithi. Pia Boruto yumo nusu kwa nusu, na kama wewe ulikomea kwa baba yake, kuna mambo yatakupita. Mvua ikinyesha siku inaharibika, kwa kuwa sehemu kubwa iko nje. Miezi ya Julai na Agosti joto la Awaji ni kama la Tanga mwezi Februari, bila upepo wa baharini ndani ya ule mzingile. Nenda Aprili, Mei, Oktoba au Novemba.

Neno kwa Waislamu wenzangu. Ichiraku, ule mkahawa wa rameni anaoupenda Naruto, upo hapa, na kila mgeni anataka kupiga picha na bakuli lake. Katika hadithi yenyewe Naruto hupenda rameni ya miso yenye vipande vya nguruwe vya ziada, na mchuzi wa rameni nchini Japani mara nyingi huchemshwa na mifupa ya nguruwe. Uliza kabla hujaagiza, na jibu lisipokuwa wazi, acha. Mimi huwapeleka wageni kula Kobe, jirani na Msikiti wa Kobe, ambao ndio wa kwanza kujengwa Japani, mwaka 1935. Ni mwendo mfupi kwa miguu kutoka Sannomiya, na maduka na mikahawa ya halali iko palepale.

Fuji-Q: unaenda na watu wasiomjua Naruto

Hapa sitakaa sana. Kijiji cha Konoha cha Fuji-Q kilifunguliwa Julai 2019. Ni kipande ndani ya bustani kubwa ya michezo inayojulikana kwa reli zake za kutisha, zile treni za mchezo zinazopanda na kuporomoka kwa kasi: lango la kijiji, sanamu za wahusika, Ichiraku, duka. Kuingia getini ni bure tangu 2018, unalipia unachopanda. Basi kutoka Shinjuku huchukua saa moja na dakika arobaini hivi, na kuna treni ya moja kwa moja.

Ukija peke yako kwa ajili ya Naruto tu, utamaliza mapema kisha uanze kutafuta cha kufanya. Lakini ukiwa kwenye kundi la watu sita, wewe peke yako ndiye shabiki, mmoja anataka kuona mlima Fuji, wawili wanataka reli za kupiga kelele, hakuna mahali panapowaweka pamoja vizuri zaidi. Wanafunzi wa Tokyo wanaotoka kwa makundi nawashauri huku bila kusita.

Mahali pasipo na mchoro

Sasa ya nne. Jina kamili la shujaa wetu ni Uzumaki Naruto. Uzumaki maana yake ni maji yanayozunguka. Naruto ni mji wa mkoa wa Tokushima, na kati ya mji huo na kisiwa cha Awaji kuna Mlangobahari wa Naruto, ambao maji yake huzunguka kweli, hadi duara la upana wa mita 20. Kile kipande cheupe cha samaki chenye mzunguko wa waridi juu ya rameni kinaitwa naruto kwa sababu ya maji hayo. Ule mzunguko mwekundu mgongoni mwa koti la Naruto ni maji hayohayo.

Sisi wa Pwani tunaelewa kinachotokea pale pengine kuliko watalii wengi. Bahari ya ndani ya Seto iko upande mmoja, bahari kuu upande wa pili, na mlango uliopo kati yake ni mwembamba, wa kilomita moja na kidogo. Maji yanapojaa upande mmoja, upande wa pili bado yanapwa. Kimo kinatofautiana, na maji yanakimbilia upande wa chini. Mkondo wa katikati unakwenda kwa kasi, ya kandokando yanakwenda polepole, na pale yanapokwaruzana ndipo maji yanapojikunja. Siku za bamvua, mwezi mwandamo au mpevu, ndipo mizunguko inakuwa mikubwa. Siku za maji mafu hakuna la kuona.

Mara ya kwanza nilikwenda bila kuangalia mwezi. Nilichagua Jumamosi kwa sababu ilikuwa Jumamosi. Bahari ilikuwa inatetemeka tu, kama uji unaotaka kuchemka, na watu kwenye mashua walikuwa wakipiga picha madaraja. Mara ya pili nilikwenda siku mbili baada ya mwezi mpevu, nikapanda mashua bandari ya Fukura, kusini mwa Awaji. Mashua ilipofika chini ya daraja la Onaruto nilisikia sauti kabla sijaona, ngurumo ya chini kama mto uliofurika. Kisha maji ya kijani yakafunguka upande wetu, yakazama katikati, povu likizunguka ukingoni mara tatu, nne, yakajifunga. Palepale pembeni likafunguka jingine. Mtoto mmoja wa Kijapani nyuma yangu akapaza sauti: "Rasengan!" Watu wote wakacheka, mimi nikawa nimenyamaza, kwa sababu ndiyo kwanza niliona Rasengan, ule mpira wa nguvu unaozunguka kiganjani mwa Naruto, ulitoka wapi.

Usiyependa mashua, upande wa Tokushima kuna Uzu no Michi, njia ya miguu ya mita 450 iliyojengwa chini ya barabara ya daraja hilo, na sakafu ya kioo mita 45 juu ya maji. Kuna kiingilio. Mizunguko inaonekana kutoka juu, na huna haja ya kujua kuogelea ili utulie moyo.

Tahadhari moja: usijaribu kuunganisha Shinobi-Zato na Fukura kwa basi katika siku moja kama hujapanga dakika kwa dakika. Moja iko ncha ya kaskazini, nyingine ya kusini, na mashua zinazofaa ni zile za saa ya mkondo mkali, ambayo hubadilika kila siku. Niliwahi kukosa basi kwa dakika chache tu kwa sababu mpwa wangu alitaka kurudia mzingile nami nikamkubalia, na tulipofika Fukura saa ya mkondo ilikuwa imepita. Mwenye siku moja achague ncha moja.

Basi niende wapi?

Kama uko Japani wakati maonyesho ya maadhimisho yamefunguliwa, nenda kwenye maonyesho, hata kama ulikuwa umepanga Awaji. Hili nalisema nikijua gharama na usumbufu wa tiketi. Bustani itakuwepo mwakani na bahari itakuwepo daima, lakini karatasi zile hukusanywa, hukaa ukutani wiki chache, kisha hurudi kwenye makabati, na hakuna anayejua kama zitatoka tena zikiwa pamoja. Sharti langu ni moja tu: uwe mtu wa kusimama mbele ya mchoro. Kama hujawahi kurudisha nyuma video ili uone ngumi ilivyochorwa, usijilazimishe kwa sababu ya neno "maadhimisho". Utatoka umechoka na begi la vishikizo vya funguo.

Ukiwa na mtoto chini ya miaka kumi na mbili, nenda Awaji, maonyesho yawepo yasiwepo. Ukiwa na kundi lililochanganyika na mnakaa Tokyo, Fuji-Q. Ukiwa Osaka au Kobe, umekuja mwenyewe, na tarehe zako zinaangukia bamvua, mimi ningeuacha mzingile nikaenda Fukura asubuhi, nikala samaki bandarini, nikarudi jioni. Kwa mwenye siku mbili hakuna mjadala: moja ya maonyesho, moja ya maji.

Anayepanga mbali aandike hili kwenye kalenda: tarehe 3 Oktoba 2027 anime inatimiza miaka 25. Ukipata nafasi ya kuchagua mwaka wa kuja, chagua huo, kisha anza kufuatilia matangazo miezi kadhaa kabla.

Na ukishajua tarehe zako, nitumie. Tiketi nitakununulia kwenye konbini ya hapa mtaani, na jedwali la maji ya Naruto ninalo kwenye simu.